Mwaka Niliokata Kilio cha Riziki

Riziki tulimzika mwezi uliopita, hapa Rumonge, na mimi nilikataa kusema neno kaburini. Binti yake Neema alinifuata mara mbili chini ya hema, akaniambia, shangazi, wewe ndiye uliyemjua mama kabla yetu sote, sema hata maneno mawili watu wasikie. Nikamwambia koo linanisumbua. Koo halikuwa na neno. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimemkaripia mpangaji wa viti mpaka akainamisha kichwa. Nilikataa kwa sababu kaburini watu husimulia wema waliotendewa na marehemu, na mimi nilichokuwa nacho ni ubaya niliomtendea. Sasa nina wiki tatu nazunguka nao ndani ya nyumba, nikichambua maharage, nikifunga madirisha, na nimeona nikae niuandike jinsi ulivyokuwa, bila kujipunguzia.

Mwaka wenyewe nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nina diplome ndani ya bahasha, sina kazi, na nina kiburi cha mtu anayejua Kifaransa katikati ya watu wasiokijua. Mwanzoni mwa kiangazi alikuja Mwalimu Salvator kutoka Bujumbura. Alikuwa anafundisha falsafa chuo kikuu, alikuwa amesoma Ulaya miaka mingi, na alikuwa amekuja kwetu kuandika kitabu chake. Alipanga vyumba viwili nyuma ya kwa fundi cherehani. Kimoja alilala. Cha pili alikifunga dirisha kwa kitenge cheusi, akaweka meza ndefu, na juu ya meza televisheni moja, tele kama tulivyoiita, mashine mbili za kaseti zilizounganishwa kwa waya, na kamera kubwa ya kubeba begani, aliyoifunika taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kulinuka vumbi la moto, ule moto wa vyombo vya umeme, na mawese kutoka jikoni kwa jirani. Alitaka mtu wa kumsaidia, anayesikia Kiswahili, Kirundi na Kifaransa. Siku niliyokwenda hakuniuliza habari za diplome. Alinikalisha mbele ya tele akaniwekea picha ya majani yanayotikisika. Nikatazama, nikatazama, halafu nyoka akaruka kutoka kwenye majani kunielekea usoni, na mimi nikajikuta nimesimama, kiti kimeanguka.

Aliniuliza kama nilijua ni picha. Nikasema nilijua tangu mwanzo.

"Basi aliyeruka ni nani?" akasema.

Sikulala na swali hilo peke yake, nililala na furaha ya kuulizwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza jambo ambalo jibu lake lilikuwa ndani yangu. Kesho yake nilirudi, akaniambia kwamba ndani ya mtu kuna mlinzi wa zamani sana, mzee kuliko lugha, ambaye hajui picha ni nini na hatajifunza kamwe. Kazi yake ni kuruka. Nyuma yake anakuja mwenye akili, anayejua kwamba tele ni sanduku, lakini daima anafika amechelewa. Tunaingia video na hao wote wawili, akasema, tunalipia viti viwili bila kujua. Kitabu chake kilikuwa kinataka kujua jambo moja zaidi: kwa nini mtu anamlilia mtu asiyekuwepo. Kwa kuruka alikuwa na maelezo. Kwa kulia bado.

Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele, kando ya pazia, kwenye banda la video la pale mjini, mgongo kwa picha na uso kwa watu. Nilikuwa na daftari. Niliandika nani ameegemea mbele, nani ameshika mkono wa jirani, nani amefuta jicho na wakati gani wa wimbo. Watu walizoea. Saa sita tulikula palepale kwenye meza ya kaseti, tukisogeza waya: ugali wa muhogo, ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwani, kwenye mawese, siku nyingine mboga ya lengalenga. Ukuta wa kwa fundi ulikuwa mwembamba, na wateja wake walipokuja kupima nguo tulisikia kila kitu. Siku moja mwanamke alimwambia fundi kwamba yule mwalimu anakusanya machozi. Fundi akauliza ya nini. Yule mwanamke akasema labda Ulaya yamewaishia. Salvator aliposikia alicheka mpaka akaacha kula, akaliandika.

Ndagala hizo zilitoka kwa Riziki. Tulikuwa marafiki tangu alipovuka ziwa na mumewe kutoka upande wa Baraka, yeye msichana kama mimi, akiwa tayari na mimba. Mumewe Kashindi alikuwa mvuvi, mtu mrefu wa maneno machache. Mtoto wao Sifa alikuwa na miaka mitatu mwaka ule. Riziki alianika samaki ufukweni na wanawake wengine, na ndiye aliyenifundisha kupindua ndagala kwa kiganja bila kuzivunja. Hakuwa mtu wa kelele. Akifurahi alinyamaza, akikasirika alinyamaza, ungemjua kwa jinsi alivyofunga kitenge chake.

Mwezi wa pili wa kazi Salvator alinionesha jambo lililonibadilisha, na sikubadilika kuwa mzuri. Alikuwa amewapiga picha wanawake wa ufukweni, Riziki akiwemo, wakitazama ziwa kwa kuweka mkono juu ya macho kwa sababu ya mwanga. Hawakuwa wanatazama kitu. Kipande hicho kimoja alikinakili mara mbili. Mahali pamoja alikifuatisha na mtumbwi uliopinduka. Mahali pengine alikifuatisha na mtumbwi uliojaa samaki. Tukavionesha kwa watu mbalimbali. Waliopewa mtumbwi uliopinduka waliniambia wanawake wale wana uchungu, na mmoja aliapa kwamba wa kushoto anatetemeka mdomo. Waliopewa samaki waliniambia wana tamaa. Wa kushoto alikuwa Riziki. Mdomo wake haukutetemeka popote. Nilirudisha kaseti mara kumi nikitafuta. Salvator akasema uchungu hauko usoni mwa mtu, uko kwenye kipande kinachofuata, na mtazamaji ndiye anayeushona. Tangu siku ile nikaacha kuwaamini watu wanaolia. Nilitazama matanga ya watu nikijiuliza kipande kinachofuata ni kipi. Nilijiona nimesimama upande wa pili wa kioo, na nilipenda sana pale niliposimama.

Upepo wa kusini uliupindua mtumbwi wa Kashindi mwishoni mwa kiangazi. Wenzake wawili waliogelea wakatoka, yeye hakutoka. Siku tatu Riziki alikaa ufukweni na mtoto mgongoni. Nilikwenda mara moja, nikampelekea chai. Siku ya tatu, karibu adhuhuri, mtu alikuja kutoka upande wa Gatete akasema maiti imeonekana na inaletwa kwa mtumbwi. Nilikuwa sokoni. Kutoka sokoni njia inagawanyika: kushoto unashuka ufukweni, kulia unakwenda kwa fundi. Nilikimbia kulia. Nimejitafutia sababu nyingi kwa miaka mingi, na hakuna hata moja iliyosimama. Nilimwambia Salvator, Mwalimu, anakuja, chukua kamera.

Tulifika kabla ya mtumbwi. Watu walidhani nimemleta msomi atoe heshima, wakatupisha. Jua lilikuwa kali, na kamera ilikuwa haitaki jua kwenye kioo chake, basi nilishika mwavuli juu ya kamera kwa mkono mmoja na waya wa sauti kwa mkono mwingine. Riziki aliniona. Uso wake ulifunguka kidogo, kama mtu aliyekuwa anakungoja. Halafu wakamlaza Kashindi mchangani mbele yake.

Hakupiga kelele. Alichuchumaa akaanza kumfunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, na vilikuwa vimebaki vitatu tu, akawa anatafuta cha nne. Aliuliza kiatu kingine kiko wapi. Aliuliza tena, kwa hasira ndogo, kama kwamba kuna mtu amekificha. Kisha akapatwa na kwikwi. Kwikwi kubwa, ya sauti, iliyomrusha mabega, naye akaweka mkono mdomoni kwa aibu, akaomba radhi kwa wazee, ikamjia tena. Hii ilichukua muda mrefu. Baadaye, labda baada ya robo saa, alilala juu ya maiti na akalia. Sitaieleza sauti ile. Wanawake wanne hawakuweza kumnyanyua. Kamera ilikuwa inazunguka muda wote, na mimi mwavuli haukunitikisika.

Jioni tulikaa mezani tukaitazama kaseti. Macho ya Salvator yalikuwa mekundu, na nataka iandikwe kwamba hakuwa mtu asiye na moyo. Alikuwa na moyo na aliuweka upande ili afanye kazi. Aliniambia sasa amelipata jibu lake. Tunalia vizuri kwenye picha kwa sababu hatuna la kufanya. Yule pale ufukweni alikuwa na vifungo, alikuwa na kiatu, alikuwa na wazee wa kuomba radhi. Kazi inaziba njia ya machozi. Mtazamaji ameketi na mikono mitupu, ndiyo maana yanamtoka. Ili athibitishe, alitaka kipande chenye vifungo, kiatu na kwikwi tu. Akaniuliza tukate wapi. Nilijua kazi hiyo kuliko yeye wakati ule. Nikasema hapa, kabla hajainama. Nikabonyeza mimi mwenyewe.

Tuliahidiana kwamba kipande hicho hakitaonekana Rumonge. Tulikipeleka Gitaza, mwendo mrefu kuelekea Bujumbura, ambako hakuna aliyemjua. Kwanza tuliwaonesha sinema ya kutoka nje, mama anafiwa na mwanawe huku akiimba, na banda zima lililia. Niliandika waliokuwa wakilia mpaka ukurasa ukaisha. Kisha tukawawekea Riziki bila kuwaambia kitu. Walipoona anatafuta kifungo walitulia. Alipouliza kiatu mtu mmoja alicheka kwa pua. Kwikwi ilipoanza walicheka wote. Kuna mama mmoja alishika mbavu. Kundi la pili tuliliambia mapema kwamba haya ni ya kweli, mume wake yule, na hao walianza kulia kabla picha haijawaka. Salvator alikuwa amejaa furaha. Kaseti zilikuwa chache, akachukua ile ya ufukweni, ile nzima, akarekodi juu yake nyuso za watu wa Gitaza wakicheka. Nilimpa mimi mkononi. Nilijua ni ipi.

Rumonge inauza ndagala na Gitaza inanunua, hilo tulilisahau sisi wawili wasomi. Haikupita wiki tatu, mwanamke wa Gitaza alimwona Riziki sokoni, akasimama, akamwuliza si wewe ule wa video, akamwigiza kwikwi mbele ya watu. Riziki akamwacha pale. Alikuja kwangu. Alikuwa amefunga kitenge kwa mafundo mawili. Nilijua anakuja kunitukana, nilikuwa nimekwisha kutafuta maneno.

"Hadija," akasema, "naomba unioneshe sura yake. Sina foto yake hata moya."

Nilimpeleka. Salvator alimkaribisha kwa heshima, akampa kiti, na alipokuwa anaweka kaseti nilimwona anaigeuza kamera, anaielekeza kwa Riziki, anawasha. Alinitazama. Nami nikanyamaza. Kashindi alionekana kidogo sana, ubavu na bega, uso ulikuwa umezibwa na mkono wa mkewe. Riziki alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Kisha akaanza kumtazama yule mwanamke wa kwenye picha, anafunga vifungo, anauliza kiatu, anaruka kwa kwikwi, na pale kipande kikaisha. Aliuliza kama hakuna kingine. Salvator akasema hakuna, na ilikuwa kweli.

"Ule mwanamuke hakumupenda," Riziki akasema. Akashukuru kwa Kirundi, murakoze, akaenda.

Neno lake hilo lilinishinda kulielewa kwa siku kadhaa. Yeye mwenyewe alikuwa amekuwepo. Lakini ile robo saa ya ufukweni hakuikumbuka vizuri, nani huikumbuka, na sasa kilichomkaa kichwani ni picha. Salvator alinieleza kwamba kumbukumbu haitunzwi sandukuni, inatengenezwa upya kila ikiitwa, na ikikutana na picha, picha ndiyo inayoshinda. Alilisema kama mtu anayesifia injini.

Shemeji yake Asukulu, kaka yake Kashindi, alikuwa na nyumba Gatete. Habari za video zilimfikia, akaja na wanaume wawili akadai kuiona. Salvator aliwaonesha, alitaka kuona nyuso zao. Asukulu alitazama mpaka mwisho akasema basi, inatosha. Wiki ile aliitisha familia nyumbani kwake. Alikuwa anasema kwamba mwanamke asiyelia juu ya mumewe alikijua kifo hicho kabla hakijafika, na kwamba mtoto wa kaka yake hatalelewa na mkono huo. Riziki alisema alilia. Alisema hivyo bila nguvu, kama mtu anayerudia alichoambiwa. Wanawake wanne waliojaribu kumnyanyua walikuwa wa Rumonge, na watu wa Asukulu walisema marafiki zake watasema lolote. Ndipo wakaniita mimi, niliyekuwa msomi, niliyekuwa na mashine.

Siku moja kabla, Salvator alikuwa ameniambia kwamba nikieleza habari za kukata, kitabu chake kitakuwa takataka. Na kwamba kuna nafasi ya masomo Bujumbura, ameshataja jina langu. Hakunitisha. Aliniambia tu, mambo mawili, moja baada ya jingine, akaniacha niyashone mwenyewe.

Nyumba ya Asukulu ilikuwa na chumba kirefu, mikeka, harufu ya samaki na sabuni. Walitupa maharage na ndizi kwanza, na nilikula. Riziki alikuwa amekaa karibu na mlango na Sifa mapajani, mtoto anachezea kidole chake. Asukulu aliongea nami taratibu.

"Binti, wewe ulikuwa pale. Alilia, ao hakulia?"

"Nilikuwa nashika waya," nikasema. "Sikuona muzuri."

Hiyo ndiyo sentensi yangu. Ilikuwa fupi na hakuna neno lake moja lililokuwa uongo ukilichukua peke yake. Waya nilishika kweli. Riziki hakuinua macho. Wakamchukua Sifa palepale, shangazi mmoja akamwinua kwa makwapa, na mtoto hakulia kwa sababu alidhani anapandishwa mgongoni. Kesho yake walivuka naye kwenda Baraka. Baadaye ilikuja vita, kwetu na kule, na kwa miaka mingi hakukuwa na habari. Sifa alikuja mara moja, mtu mzima, na watoto wake wawili. Alimwita Riziki mama kama unavyomwita mama yeyote njiani. Alikaa siku nne, akashukuru kwa chakula, akarudi kwao.

Salvator aliondoka mvua zilipoanza. Nafasi ya masomo haikuwahi kuja, na sikumwandikia kumkumbusha. Kitabu kilitoka, niliwahi kukiona. Kilikuwa na ukurasa mmoja juu ya mwanamke wa ziwani asiyelia, na ulikuwa umeandikwa vizuri.

Miaka ilipita, Riziki akaolewa tena, akamzaa Neema. Hakuniacha. Alinitembelea nilipougua, nami nilimtembelea, na kila mwaka siku ile ya Kashindi ilipofika alikuja kwangu na kifurushi cha ndagala, akakaa jikoni, akaniambia nimsimulie jinsi alivyolia. Nilimsimulia. Nilimweleza jinsi alivyolala juu ya maiti, jinsi wanawake wanne walivyoshindwa. Alisikiliza huku akitoa vichwa vya samaki. Nilidhani hajui. Mwaka wa kumi na moja sikuweza tena, nikamwambia yote: njia ya kulia badala ya kushoto, mwavuli, kidole changu kwenye kitufe, kaseti niliyompa Salvator mkononi. Nilikuwa nalia. Aliendelea na samaki wake.

"Nilijua tangu kwa Asukulu," akasema. "Kaseti mulifuta. Ulibakia weye. Bale bamama bane bote bamekufa ao bamehama. Nikikufukuza, nani atanieleza kama nililia?"

Nilingoja aseme kwamba amenisamehe. Aliniambia nimletee chumvi.

Basi nikawa naendelea, mwaka hadi mwaka. Na kwa kuwa nilijua analisikiliza kila neno, nilianza kulipamba. Nilimpa maneno aliyoyasema juu ya maiti, ambayo sijui kama aliyasema. Nilimpa jina la Kashindi, aliite mara tatu. Mara nyingine, nikifumba macho nitafute ile siku, nilichokiona ni pembe nne za picha, na ndani yake mwanamke anataka kuinama, na hapohapo giza, mahali nilipokata. Yaliyofuata nilikuwa nayashona mimi.

Mwaka huu siku hiyo ilimkuta hospitalini. Neema alitoka kwenda kutafuta uji. Riziki alikuwa amekonda, mkono wake mwepesi kama ndagala iliyokaushwa siku mbili, na aliniambia anza. Nikaanza. Nilisimulia polepole kuliko miaka yote, nikitaka apate kilio kikubwa kuliko vyote. Nikasema mvua ilianza kunyesha, ikamlowesha yeye na Kashindi pamoja, na hakutaka kuondoka.

Alifumbua macho.

"Mvua unaongeza," akasema. "Siku ile ilikuwa jua."

Nje mtu alikuwa anasukuma ndoo kwenye sakafu. Alinitazama kwa muda, bila hasira na bila huruma, halafu akafumba macho tena.

"Endelea tu," akasema. Nikaendelea.